NYUMBA YA BOGANI NA MAJIRANI ZAKE
(Maneno ya mazungumzo)



Nimepewa nafasi leo nizungumze nanyi juu ya nyumba moja iliyo kiungani mwa Nairobi, na juu ya mahali panapoizunguka. Nyumba yenyewe wengi wenu mmekwisha kusikia habari zake, na baadhi mmekwisha kuiona kwa macho, maana ni nyumba ya makumbusho na kila alipaye kiingilio huruhusiwa kuingia. Ni ile nyumba aliyokaa Bibi Karen Blixen, mbele ya vilima vya Ngong. Lakini nimeona kwamba wageni wengi hutazama vitanda na viti, hupiga picha mbele ya baraza, kisha hurudi garini na kwenda zao. Mimi nataka tutoke kwa mlango wa nyuma tukaulize habari kwa majirani. Mawe ya nyumba hii yamekaa pale pale kwa muda wa miaka zaidi ya mia moja, bali nchi iliyoizunguka imegeuka mara kwa mara, na kila ilipogeuka walikuwapo watu waliohama na watu walioingia.

Kwanza niseme neno juu ya neno. Kazi yangu ni kufasiri maandishi ya Serikali, na kila nikutanapo na habari za mitaa iliyo nje ya mji, penye nyumba moja moja katika bustani, kalamu yangu husimama kidogo. Mwisho hurudi kwenye neno la zamani la watu wa pwani, yaani kiunga. Kiunga ni pembezoni mwa mji, na tena kiunga ni shamba la miti ya matunda. Wazee wa pwani hawakuona haja ya kutenga maana hizi mbili, kwa sababu kwao hapo mji ulipokoma ndipo minazi na miembe ilipoanza, na mwenye nafasi alijenga nyumba yake katikati ya miti hiyo. Sidhani liko neno lifaalo kuliko hili kwa mtaa wa Karen, ambao ulikuwa shamba kabla haujawa mtaa.

Basi twende kwenye nyumba. Ilijengwa mwaka wa 1912 na mhandisi wa Kiswidi, Bwana Åke Sjögren. Ni nyumba ya mawe, isiyo na ghorofa, imelala chini kwa urefu, ina baraza na paa la vigae, na mbele yake huonekana vilima vya Ngong. Siku hizo watu walisafiri huko kwa farasi au kwa magari ya ng'ombe, na kutoka Nairobi ilikuwa safari ya maili kumi na mbili hivi. Mwaka wa 1917 nyumba ilinunuliwa na Bwana Bror Blixen na mkewe Karen, watu wa ukoo wa kibwanyenye, mume Mswidi na mke Mdenmaki, ambao walikuwa wamefunga ndoa Mombasa mwezi wa Januari 1914. Wao waliiita Mbogani, au Bogani, wakaeleza kwamba maana yake ni nyumba iliyo msituni. Sikio la Mswahili husikia maboga katika jina hilo, wala halisikii msitu. Lakini mwenye nyumba ndiye mwenye jina, na hata leo iko barabara huko iitwayo Bogani, ingawa maboga hayaonekani.

Shamba lao lilikuwa na eka 4,500, na katika hizo eka 600 zilipandwa kahawa. Zilizobaki zilikuwa msitu, majani ya malisho, na mashamba madogo ya watu ambao habari zao nitazieleza punde. Kahawa haikustawi. Mahali pale pana urefu wa futi elfu sita hivi juu ya bahari, upepo wa vilimani ni wa baridi, mvua si ya kutegemewa, na udongo haukuwa rafiki wa mkahawa. Mwaka wa 1923 kiwanda cha kahawa kiliteketea kwa moto. Bwana Blixen alikuwa ameondoka shambani mwaka wa 1921, na ndoa ikavunjwa mwaka wa 1925, lakini Bibi aliendelea peke yake, akiendesha mali ya kampuni ambayo fedha zake zilitoka kwa jamaa zake huko Denmark. Halafu bei za mazao zikaanguka duniani kote tangu mwaka wa 1929. Mkulima yeyote anisikilizaye ajua maana ya jambo hilo, hata kama hajapata kumiliki mkahawa mmoja.

Sasa tutoke nje. Upande wa kusini, ng'ambo ya mto Mbagathi, ilikuwa Rizavu ya Wamaasai. Upande wa kaskazini ilikuwa nchi ya Wakikuyu, Dagoretti na kwingineko. Na ndani ya shamba lenyewe walikaa Wakikuyu waliokuwa wakiitwa maskwota. Jina hilo yafaa tulitazame vizuri. Skwota kwa lugha ya sheria ni mtu akaaye katika ardhi isiyokuwa yake. Lakini wengi wa wazee wale walikuwa wamezaliwa katika nchi hiyo hiyo, au baba zao walizaliwa hapo, kabla haijapimwa na kabla haijaandikwa katika kitabu chochote. Sheria ya Ardhi za Mfalme ya mwaka wa 1915 ndiyo iliyoziingiza hata ardhi walizokaa Waafrika katika ardhi za Mfalme, na ndiyo iliyowapa walowezi mikataba ya miaka 999. Kwa hiyo mtu aliweza kulala usiku akiwa mwenyeji, akaamka asubuhi akiwa mgeni, bila kuondoka kitandani mwake.

Masharti yalikuwa hivi. Skwota alipewa mahali pa kujenga, pa kulima mahindi na viazi vyake, na pa kulisha mifugo yake. Naye kwa malipo ya hayo alimfanyia mwenye shamba kazi siku 180 kwa mwaka, kama sheria ya mwaka wa 1918 ilivyoagiza, kwa mshahara mdogo. Siku 180 ni nusu ya mwaka. Nusu hiyo mara nyingi ndiyo nusu iliyokuwa na mvua, maana kahawa ya bwana na mahindi ya mtumishi hupaliliwa kwa wakati mmoja.

Sisemi kwamba Bibi Blixen alikuwa mtu mbaya. Aliweka shule ya jioni, aliwapa wagonjwa dawa barazani pake, na wale waliokuwa na magonjwa makubwa aliwapeleka hospitali ya misheni ya Waskoti huko Kikuyu. Mmoja wao alikuwa kijana Kamante Gatura, mwenye vidonda miguuni, ambaye baada ya kupona akawa mpishi wa nyumba ile. Kitabu cha Bibi, kilichotoka mwaka wa 1937, kilimfanya Kamante ajulikane na wasomaji wa Ulaya na Marekani kabla hata hawajajua Kenya iko wapi. Lakini watu wachache wajua kwamba mwaka wa 1975 kilichapishwa pia kitabu cha hadithi zake Kamante mwenyewe, zilizokusanywa na Mmarekani Peter Beard. Yafaa vitabu hivyo viwili vikae pamoja katika rafu moja, maana nyumba iliyotazamwa kutoka jikoni si sawa na nyumba iliyotazamwa kutoka sebuleni.

Liko jambo moja katika kitabu cha Bibi ambalo sijaweza kulisahau tangu nilisome. Jirani yake mkubwa alikuwa Chifu Kinyanjui wa Wakikuyu, ambaye alifariki mwaka wa 1929. Bibi aeleza kwamba Chifu, alipokuwa mgonjwa sana kwa ajili ya mguu wake, alimwita na kumwomba amchukue kwa gari ampeleke nyumbani kwake Bogani, kwa sababu hakutaka kupelekwa hospitali. Akakataa. Alikuwa na matatizo mengi, akaogopa maneno ya watu kama mgonjwa angemfia mikononi. Chifu akapelekwa hospitali ya misheni, naye hakukawia kufa. Haya ameyaandika mwenyewe wala hakujaribu kujipamba, na kwa hilo namheshimu. Lakini fikirini jambo lenyewe. Mzee yule alikuwa na nyumba nyingi na jamaa wengi. Akachagua nyumba ya jirani iwe mahali pake pa mwisho, kama mtu anavyoweza kumwomba jirani wa miaka mingi. Kwa mila zetu ombi la mtu anayekufa ni zito sana. Mlango ule ambao sasa hufunguliwa kwa mgeni yeyote mwenye tikiti, siku ile haukufunguliwa kwake.

Mwaka wa 1931 shamba likauzwa. Mnunuzi alikuwa Bwana Remy Martin, mfanya biashara ya ardhi wa Nairobi, na shauri lake halikuwa kahawa. Aliona kwamba mji utakua, na kwamba watu wa mjini wenye magari watapenda kukaa mahali penye hewa baridi na miti. Basi akalikata shamba katika viwanja vya eka ishirini ishirini. Kiwanja kimoja cha namna hiyo chaweza kubeba zaidi ya viwanja kumi vya mpira. Nilifanya hesabu: eka 4,500 zikigawanywa kwa ishirini ni viwanja 225, bila kutoa barabara. Watu 225 wenye hati, mahali ambapo palikuwa na mwenye hati mmoja.

Na maskwota je? Wao hawakuwa katika hesabu hiyo. Kiwanja cha kuuzwa hutakiwa kiwe kitupu, na kwa hiyo iliwapasa waondoke na ng'ombe wao na mbuzi wao. Kununua kiwanja hawakuweza, hata kama wangalichanga fedha, kwa sababu katika Nyanda za Juu Mwafrika hakuruhusiwa kununua ardhi. Kulikuwa na hatari wagawanywe, hawa waende huku na hawa kule, popote patakapoonekana nafasi. Ombi lao lilikuwa moja tu, kwamba wahamishwe pamoja. Walijua kwamba mtu aliyepoteza shamba lake bado ana majirani wamjuao, wajuao ng'ombe yupi ni wake na baba yake alikuwa nani. Lakini aliyepoteza na majirani pia hana shahidi wa jambo lolote.

Bibi Blixen alitumia miezi yake ya mwisho nchini kwenda ofisi hii na ofisi ile kwa ajili ya ombi hilo. Kila ofisi ilikuwa na sababu yake. Hatimaye Serikali ilikubali, wakapewa sehemu ya Msitu wa Dagoretti wakae pamoja. Mimi hulihesabu jambo hili kuwa kazi bora aliyoifanya katika Afrika, kupita vitabu vyake vyote, ijapokuwa lilikuwa rehema iliyotolewa kwa watu waliostahili haki. Mwaka uliofuata, 1932, Tume ya Ardhi ya Kenya iliundwa kusikiliza madai ya ardhi, ikatoa taarifa yake mwaka wa 1934. Lakini mashamba yaliyokwisha kukatwa viwanja hayakurudi.

Mtaa mpya ulichukua jina la Karen, jina ambalo tayari lilikuwa katika kampuni ya kahawa. Mwaka wa 1937 klabu ya gofu ilifunguliwa mahali palipokuwa mikahawa. Nyumba za mawe zikajengwa, kila moja mwisho wa njia yake, na ua wa miti mbele, hata mtu aliweza kukaa miaka kumi bila kumjua jirani yake kwa sura. Waafrika walioingia mtaani waliingia kama wapishi, wachunga bustani na walinzi, wakalala katika vyumba vya nyuma. Kizuizi cha rangi katika kununua ardhi ya Nyanda za Juu kiliondolewa mwanzoni mwa miaka ya 1960, na mwaka wa 1963 mipaka ya Nairobi ilipopanuliwa, Karen na Lang'ata ziliingizwa mjini.

Mwaka wa 1964 Serikali ya Denmark iliinunua nyumba ya Bogani na bustani yake, ikaitoa kwa Serikali ya Kenya iwe zawadi ya Uhuru. Kwa muda palikuwa na chuo cha mafunzo ya lishe, na nadhani nyumba haikupata kazi ya maana kuliko hiyo. Halafu ikaja ile sinema ya mwaka wa 1985 iliyotengenezwa kwa kufuata kitabu, watu wa nchi za mbali wakaanza kuulizia nyumba, na mwaka wa 1986 makumbusho yakafunguliwa.

Jirani mmoja nisimpite. Mwaka wa 1975, katika ardhi iliyokuwa ya shamba lile lile la kahawa, Bibi Susan Wood alianzisha kibanda cha kutengeneza shanga za udongo, pamoja na wanawake wawili waliokuwa wakilea watoto peke yao. Kikaitwa Kazuri, na hapa Mswahili hahitaji mfasiri. Wanawake wale wakawa mamia baadaye. Huwezi kuwasikia wakitajwa sana na waongozaji wa wageni, lakini kwa maoni yangu ziara ya Karen isiyofika kwenye shanga ni nusu ya ziara.

Sasa tuje kwenye mambo ya siku hizi, kwa sababu kukatwa kwa ardhi hakukuishia kwenye eka ishirini. Ishirini zikawa kumi, kumi zikawa tano, na kwa muda mrefu kanuni ya mtaa imekuwa kwamba kiwanja kisipungue nusu eka. Watu husema kanuni hiyo ni ya majivuno ya matajiri, na huenda majivuno yamo, lakini sababu yake nyingine iko chini ya ardhi. Sehemu kubwa ya mtaa ilijengwa bila mabomba ya mji ya kuchukua maji machafu. Kila nyumba ina tangi lake, na maji yatokayo humo hunywewa na udongo. Tena nyumba nyingi hupata maji ya kunywa kutoka visima virefu vilivyochimbwa kwa mashine. Udongo ule ule wapokea na watoa. Nyumba moja katika nusu eka, udongo waweza kuvumilia. Jengeni orofa zenye jamaa arobaini mahali hapo hapo, na jirani aliye chini ya mteremko atayajua mambo yenu kwa harufu kabla hajayajua kwa barua.

Jambo hili si la Karen peke yake. Liko Ruaka, liko Rongai, liko Kitengela, na liko karibu na kila mji wetu ambako mtu amenunua kiwanja kidogo kwa akiba ya maisha yake. Mnunuzi huchunguza hati, na afanya vema. Huenda afisi ya ardhi kuhakikisha jina la mwenye kuuza, na afanya vema zaidi. Lakini hati husema mpaka wako uko wapi, wala haisemi ng'ambo ya mpaka patajengwa nini. Hilo huamuliwa na Serikali ya Kaunti kwa Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya mwaka wa 2019. Mtu atakaye kugeuza kiwanja cha nyumba ya kukaa kiwe cha orofa, au duka, au baa, lazima aombe ruhusa, na lazima atangaze ombi lake ili majirani wapate kusema.

Tangazo hilo mara nyingi ni bango lililosimamishwa kwenye kiwanja chenyewe, na huonekana pia gazetini kwa herufi ndogo. Maskwota wa mwaka wa 1931 hawakuwekewa bango. Sisi twawekewa, kisha twapita nalo kila asubuhi twende kazini, kama vile limeandikiwa mtu mwingine. Nimeyaona mabango yaliyofunikwa na majani, na mengine yamebandikwa juu yake matangazo ya waganga.

Mkiliona bango, lisomeni lote, pamoja na namba ya kiwanja na muda uliowekwa. Kama mna neno, si lazima kutafuta wakili kwanza. Andikeni barua kwa afisi ya mipango ya kaunti, mtaje namba hiyo, mtaje na namba ya kiwanja chenu wenyewe, na mweleze madhara mnayoyaona: maji machafu, maji ya mvua, njia ya magari, kivuli cha jengo. Barua moja iliyotiwa sahihi na majirani kumi ina uzito kuliko makelele ya siku ya kuchimba msingi. Wekeni nakala yenye muhuri wa kupokelewa. Na kama uamuzi utakaotolewa hauwaridhishi, iko kamati ya kaunti iliyowekwa na sheria hiyo hiyo kusikiliza mashauri ya namna hii, lakini nayo ina siku zake, na siku zikipita mlango hufungwa.